Kabla ya dawa ya makuti, niambie jiko liko wapi

Mtu akinipigia simu kuuliza bei ya dawa ya makuti, ile ya kuyazuia yasishike moto, mimi humuuliza jiko liko wapi. Wengine hukasirika. Wameambiwa kuna fundi wa kuezeka anayejua mambo ya moto, basi wanataka jina la dawa na bei ya lita, wapulizie, walale. Lakini kazi hii nimeianza mdogo, nikimshikia mjomba wangu fito huku yeye akishona, na nimeifanya Malindi, Watamu na Lamu hadi leo, na sijaona jengo lililookolewa na dawa peke yake. Yaliyookoka niliyoyaona yaliokolewa na ukuta, au na uwanja mtupu uliokuwa katikati, au na pampu ya dizeli iliyokubali kuwaka mara ya kwanza ilipovutwa.

Kwa asiyeyajua makuti ya kuezekea: jani la mnazi hukunjwa juu ya ufito, likashonwa, likafuatiwa na jingine, mpaka kikapatikana kipande kirefu cha kubeba begani. Vipande hivyo hufungwa kwenye pau kuanzia upenuni kwenda kileleni, kimoja kikimlalia mwenzake kama magamba ya samaki. Mvua huteleza juu, upepo hupenya katikati. Ndiyo maana chini ya makuti mtu husinzia saa saba mchana wakati chini ya bati anatokwa na jasho. Sasa ufikirie moto. Jani ni jembamba, limekauka, lina hewa juu na chini, na limepangwa kwenye mteremko mkali ili maji yasikae. Safu ya chini ikishika, joto lake lote linapanda kwenye safu inayofuata. Hakuna haja ya upepo hapo. Paa linajivuta lenyewe kama bomba la moshi, na kabla watu hawajamaliza kuulizana ni nini kile, moto umeshafika kileleni.

Moto mkubwa wa kwanza niliouona kwa karibu ulikuwa wa hoteli moja ya ufukweni, msimu wa kaskazi, upepo utokao kaskazini-mashariki, makuti yamekauka mpaka yanavunjika mkononi. Mimi na mjomba tulikuwa kiwanja cha pili, juu ya paa, kwa hiyo tuliuona wote tangu moshi wa mwanzo. Ulianzia jikoni. Mafuta ya kukaangia yalishika, ndimi zikafika upenuni, basi. Lakini lililonikaa akilini si jikoni. Ni vile vipande vya makuti vilivyokuwa vikiruka. Watu hudhani kuti linaloungua huanguka chini likawa jivu. La, hunyanyuka. Hewa ya moto hulipandisha juu ya kilele, kaskazi hulipokea, na kipande kizima chenye moto hutua mbali. Niliona vikiruka ofisi iliyoezekwa bati, haikuguswa, vikaenda kutua kwenye mgahawa wa makuti ulioko nyuma yake. Mgahawa ukashika kutoka juu, hali waliokuwa chini yake bado wanaangalia jiko.

Hoteli ile ilikuwa na bwawa la kuogelea limejaa maji pomoni, na pampu nzuri. Pampu ilikuwa ya umeme. Mtu mwenye akili alikimbilia swichi kuu akakata umeme wa kiwanja kizima, na alifanya sawasawa, maana nyaya zilikuwa zinaungua juu ya vichwa vya watu. Ila pampu nayo ikafa. Watu wakapanga mstari wa ndoo. Ndoo na makuti yanayowaka, hapo hapana mashindano. Gari la zimamoto lilitoka mji mwingine, na lilipofika kazi iliyobaki ilikuwa kuzuia kwa jirani. Tangu siku hiyo mimi siandiki makadirio ya jengo kubwa la makuti bila pampu yenye injini yake, na bomba la chuma linalopanda mpaka kileleni. La chuma, si la plastiki, maana la plastiki huyeyuka kabla halijatoa tone la maji.

Kesho yake tulipewa kibarua cha kusafisha. Nikaanza kuburuta mbao zote kwenye rundo la kutupwa, zote nyeusi tii. Mjomba akanizuia.

"Hiyo waipeleka wapi?"

"Mjomba, si imeungua?"

"Imeungua wapi? Lete panga."

Akaiparuza boriti kwa ubavu wa panga. Kaa lilitoka kwa magamba, unene wa kama kidole, na chini yake mti wa mkoko ulikuwa mwekundu vile vile, mgumu, panga likiulilia. Akaniambia nitafute fito na pau zilizokuwa paa moja na boriti ile. Nilitafuta, nikaona misumari.

Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma hesabu yake. Mti mnene hauungui wote kwa mpigo. Nje hugeuka kaa, na kaa ni kizuizi: hupitisha joto polepole, basi moto hula kuelekea ndani kwa kiasi cha milimita 0.6 au 0.7 kwa dakika, zaidi au pungufu kidogo kulingana na ugumu wa mti. Ufanye hesabu ya nusu saa. Ni kama sentimita 2 kila upande. Sasa tazama jinsi wakata mikoko wa pwani wanavyoigawa miti yao tangu enzi za majahazi: fito ndizo nyembamba kabisa, kisha pau, za sentimita 4 hadi 8 hivi, kisha mazio, kisha boriti, ambazo hucheza kwenye 11 hadi 14, kisha nguzo. Boriti ya sentimita 12, baada ya nusu saa ya moto wa pande zote, imebaki na 8, na bado inabeba. Pau ya 5 imebaki na 1, yaani haipo. Fito haikufika hata huko. Kwa hiyo tajiri akiniambia nipunguze unene wa miti kwa sababu makuti ni mepesi, ni kweli makuti ni mepesi, na pau zinatosha kuyabeba. Hazitoshi kumpa mpishi nafasi ya kutoka.

Chuma kwa upande wake hakiungui, na watu hukitegemea kwa sababu hiyo. Kwenye kiwanja kile kile palikuwa na kibanda chenye fremu ya chuma tupu. Fremu ilikuwa imepinda, imelala. Chuma kikifika nyuzi 600 hivi za selsiasi kimepoteza kama nusu ya nguvu zake, na hakitoi taarifa. Boriti hulia kabla ya kukatika. Ukitaka kutumia chuma, kifunike kwa zege au ubao wa jipsamu. Jipsamu ni kitu cha ajabu kidogo: karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani ya jiwe lenyewe, na moto hauwezi kupita mpaka kwanza uyachemshe maji hayo yote.

Turudi kwenye dawa, maana sisemi haifai. Ninaitumia. Nasema ijulikane inafanya nini.

Zipo za aina mbili ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzipata. Ya kwanza ni boraksi ikichanganywa na asidi ya boriki. Zinakwenda pamoja, na wanaopunguza gharama kwa kununua moja hupoteza fedha: boraksi huzuia ndimi za moto zisitambae lakini kuti linaweza kubaki likifuka ndani kwa ndani, na asidi ya boriki huzuia huko kufuka lakini haisaidii sana kwenye ndimi. Kipimo cha zamani ni sehemu 7 za boraksi kwa 3 za asidi. Mimi kwa lita 20 za maji ya moto hutia kilo 2 na kitu za boraksi na karibu kilo 1 ya asidi, nikikoroga mpaka punje ziishe. Joto likipanda, chumvi hizi hutoa maji yake na kuyeyuka zikawa utando kama wa kioo juu ya jani, hewa ikakosa njia. Faida yake nyingine ni kwamba mchwa na wadudu hawaipendi kabisa.

Ya pili wakulima wanaijua kuliko mimi. Ni DAP, mbolea ile ile ya kupandia mahindi, mfuko ulioandikwa 18-46-0. Fosfeti iliyomo hubadilisha jinsi jani linavyoungua. Jani likipata joto hutoa gesi, na ile gesi ndiyo inayowaka, si jani lenyewe. Fosfeti hulifanya jani ligeuke kaa na mvuke mapema, gesi ya kuwaka ikawa kidogo. Ubaya wa DAP ni misumari. Hula kutu. Ndiyo maana kwenye paa la DAP nafunga kwa kamba ya usumba kila mahali panapowezekana.

Wateja hupenda jaribio la kibiriti. Unachukua kuti lililotiwa dawa na lisilotiwa, unawasha kibiriti chini ya kila moja. Lisilo dawa linapaa mara moja. Lenye dawa linakuwa jeusi, linatoa moshi, ukiondoa kibiriti linazima. Watu wanapiga makofi, wanalipa. Mimi jaribio hilo nilifanya, kisha nikafanya la pili ambalo sijawahi kuona muuzaji yeyote wa dawa akilifanya. Nilitundika kipande kizima cha makuti yenye dawa kwenye mti, kikisimama wima, ufukweni, jioni upepo ukiwa mzuri, nikawasha rundo la makumbi chini yake. Makumbi yanajua kuwaka. Kwa muda kidogo kuti lilikataa, likawa linakunjamana na kufuka, nami nikaanza kufurahi. Kisha joto likazidi, na likaungua. Lilichelewa sana kuliko lisilo dawa, na halikurusha vipande, ila liliungua. Hapo ndipo nilipoacha kuwaambia watu kwamba makuti yangu hayashiki moto. Nawaambia yanachelewa, na huko kuchelewa lazima ujue utakutumia kwa nini: kuwatoa watu, kuvuta pampu, kulivua paa la jirani.

Halafu kuna mvua. Dawa zote mbili ni chumvi, na chumvi huyeyuka. Masika moja ikipita, uso wa juu wa paa umeoshwa na dawa yako imekwenda kurutubisha maua. Uso wa ndani, ambao haunyeshewi, hubaki nayo muda mrefu. Kwa hiyo dawa inakulinda dhidi ya moto wa ndani, wa jikoni na wa nyaya, kuliko dhidi ya kipande kinachoruka kutoka kwa jirani na kutua juu. Hili ni jambo kubwa na halisemwi. Kupulizia nako kuna udanganyifu wake. Pampu ya mgongoni hulowesha ncha za majani tu, na ndani ya mkunjo, palipo na ufito, panabaki pakavu. Mimi nachovya. Napasua pipa, nalilaza, natia dawa, kila kipande kinazama mpaka mapovu yaishe, kisha kinaanikwa kivulini. Ni kazi ndefu na inawachosha vijana, na lazima wavae glavu, na maji ya paa hilo hayakingwi ya kunywa. Baada ya hapo kila mwaka, masika yakiisha, napulizia uso wa ndani peke yake.

Niliwahi kupelekewa mitungi ya dawa ya dukani, rangi ya buluu, harufu kali, bei ya kuumiza. Nikakausha kidogo juani kwenye sahani. Iliyobaki ilikuwa chumvi kiasi cha kufunika ukucha. Yaliyobaki yote yalikuwa maji na rangi. Tangu hapo sahani ndiyo maabara yangu: lita ya dawa ya kweli ikikauka huacha chumvi ya kuonekana, unaweza kuizoa kwa kijiko. Isiyoacha kitu, mrudishie mwenyewe.

Lamu ilinifundisha jambo jingine. Nyumba za kale za Mkomani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene za kumficha mtu, na juu yake sakafu: boriti za mikoko, mawe, kisha chokaa iliyoshindiliwa. Moto wa chumba kimoja hauna njia ya kwenda chumba cha pili ila mlangoni. Wajenzi wale wala hawakuwa na kanuni ya kuandikwa ukutani. Lakini jua ni kali na paa tambarare linavuja, basi juu ya nyumba hizo watu wameongeza mapaa ya makuti, na siku hizi ukipanda ghorofani ukaangalia mji, unaona makuti yamekaribiana mpaka yanagusana, juu ya vichochoro ambavyo punda wawili wakikutana mmoja anarudi. Gari la zimamoto halipiti humo. Mwenye nyumba anakuambia nyumba yangu ya mawe haiungui, na anasema kweli. Mji wenyewe juu yake unaweza kuungua. Kazi niliyoipenda kuliko zote huko ilikuwa ndogo tu: kuinua ukuta wa mpaka, wa mawe na chokaa, upite kilele cha makuti upande wa jirani. Si mzuri kutazama. Mteja alilalamika kwamba unamzuia upepo, tukauchagua upande ambao upepo hautoki.

Umeme nitaupitia haraka kwa sababu hauna siri. Waya ndani ya bomba la chuma, maungio yote kwenye kisanduku kilichoko ukutani, hakuna hata ungio moja ndani ya makuti, taa zining'inie mbali na paa. Panya hukaa ndani ya makuti na hutafuna chochote. Nimevua mapaa nikakuta shaba tupu kwa urefu wa mkono.

Siku hizi yamekuja makuti ya plastiki, na wauzaji wake wanayasifu kwamba hayaozi, hayaliwi na mchwa, hayashiki moto. Mengine yametiwa dawa kiwandani, yanazima vizuri. Mengine ni plastiki tupu. Kata jani moja, uliwashe nje, uangalie linachodondosha. Likidondosha matone yanayowaka, na matone hayo yakaendelea kuwaka chini, hilo silitii juu ya kichwa cha mtu yeyote. Makuti ya mnazi huungua kwenda juu. Yale hunyesha.

Si kila mtu ana tajiri wala pampu. Mama mmoja wa Mida, anayepikia kwenye mafiga ndani ya nyumba ya makuti, alitaka nimsaidie na hakuwa na fedha ya dawa. Tulichukua mabati mawili ya zamani tukayafunga chini ya paa juu ya mafiga, tukiacha nafasi ya kiganja kati ya bati na makuti ili joto lisihamie, kisha tukaukandika udongo ukuta wa upande huo mpaka upenuni. Bati likikamata cheche, cheche inakufa pale. Mume wake aliona tumeharibu nyumba. Mama alimwambia apike yeye.

Kazi niliyonayo sasa ni ya Mtaliano mmoja Watamu, nyumba tatu za wageni, mgahawa na jiko, vyote makuti. Ramani aliyonipa imevikusanya pamoja ili kila kimoja kione bahari. Afrika Kusini, ambako nyumba za nyasi ni nyingi na wameziandikia kanuni, paa la nyasi lenye zaidi ya mita 20 za mraba halitakiwi kuwa karibu na mpaka wa kiwanja kuliko mita 4.5, na hiyo ni kwa nyasi zilizobanwa, ambazo ni nzito kuliko makuti yetu. Nilimwonyesha. Tumebishana wiki nzima. Alitaka dawa mara mbili badala ya nafasi, nikamwambia hata mara tano.

Suala gumu lilikuwa upepo. Pwani hii ina pepo mbili, kaskazi na kusi, kwa hiyo hakuna upande ambao jiko litakuwa chini ya upepo mwaka mzima. Nimechagua kaskazi, kwa kuwa ndio msimu wa ukavu. Jiko linakwenda kusini-magharibi, upande wa bara, halitaona bahari, na paa lake ni vigae. Kati yake na mgahawa kuna ukuta wa matumbawe. Nyumba za wageni zimepata mita nane kati ya moja na nyingine, mbili zimepoteza nusu ya mandhari. Pampu ya dizeli inakaa kwenye kibanda cha mawe kando ya bwawa, na kila Jumatatu askari wa lango ataiwasha, aiache inguruma kidogo, aandike kwenye daftari. Mtaliano amekubali yote isipokuwa vigae. Anataka jiko nalo liwe makuti ili lifanane na mengine. Mpaka leo asubuhi hatujaelewana, na fundi wa vigae anasubiri jibu.